Makaa ya mawe ya Lamu na giza la saa moja jioni

Mwaka 2013 serikali ya Kenya iliahidi kuongeza megawati 5,000 za umeme ndani ya miezi 40. Megawati zipatazo 1,000 zingetoka Kwasasi, Lamu, kwenye mtambo wa kampuni ya Amu Power, makaa yenyewe yakianza kuletwa kwa meli kutoka Afrika Kusini. Juni 2019 jopo la rufaa za mazingira likafuta leseni: wenyeji hawakushirikishwa ipasavyo, na ripoti ya athari kwa mazingira iliiruka Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016. Oktoba 2025 mahakama ya Malindi ikaunga mkono uamuzi huo.

Watetezi wa mtambo wana hoja nzito. Mwishoni mwa 2024 Rais William Ruto alikiri kwamba kuna maeneo yanayokatiwa stima kati ya saa kumi na moja jioni na saa nne usiku. Kinyozi anayesubiri wateja wa jioni hashibi sifa za nishati safi. Na nchi zilizotajirika kwa makaa ya mawe ndizo leo zinazotusomesha tuyaache.

Hata lengo la Kenya, kupunguza gesijoto kwa asilimia 32 ifikapo 2030, halipimwi kwa moshi wa leo bali kwa makadirio ya tani milioni 143 ambazo nchi ingetoa mwaka huo bila kuchukua hatua. Mtu mjanja angepenyeza makaa humo.

Ila zitazame tena saa za mgao. Pengo ni la jioni. Mtambo wa makaa ya mawe si jiko la gesi la kuwasha na kuzima. Tanuru lake huchukua saa nyingi kupata moto, basi huachwa likiunguruma usiku kucha. Na usiku wa manane, watu wamelala, mitambo ya jotoardhi ya Olkaria huachia mvuke upotee hewani kwa kukosa wa kuutumia. Tungechoma makaa ya wenzetu huku mvuke wetu ukipaa bure, na mkataba wa miaka 25 ungemlipa mwekezaji hata umeme usiponunuliwa. Kinyozi yule yule angekatwa pesa hizo kwenye tokeni za stima.

Wapinzani nao wana deni. Upepo wa Turkana, megawati 310, hauvumi kwa kufuata saa ya mteja. Bila betri za kuhifadhi umeme, na bila laini zenye nguvu za kuufikisha magharibi mwa Kenya, ushindi wa Malindi hauwashi taa hata moja Kisumu.