Uthibitisho wa kompyuta nao ni maarifa

Mwaka 1976 wanahisabati Kenneth Appel na Wolfgang Haken walithibitisha kwamba rangi nne zinatosha kupaka ramani yoyote bila nchi zinazopakana kufanana rangi. Sehemu kubwa ya ukaguzi ilifanywa na kompyuta. Mwaka 1979 mwanafalsafa Thomas Tymoczko aliupinga, akisema huo ni ushahidi wa kimajaribio, kwa kuwa hakuna mtu anayeweza kuupitia mwanzo hadi mwisho. Hoja yake ina uzito: uthibitisho mzuri humwonyesha msomaji kwa nini jambo ni kweli, na orodha ya maumbo ya ramani ambayo kompyuta hukagua moja moja, 633 hata baada ya kupunguzwa mwaka 1997, haimwonyeshi hilo.

Lakini kigezo hiki cha kusomeka kinaiamini mno lugha ya kawaida. Mwanahisabati Alfred Kempe alichapisha uthibitisho wake wa rangi nne mwaka 1879. Ulisomeka vizuri, ukakubaliwa kwa miaka 11, hadi mwanahisabati mwenzake Percy Heawood alipoubomoa. Kempe alichukua nchi isiyo na rangi iliyozungukwa na nchi tano zenye rangi zote nne, mbili kati yake nyekundu. Ili kuiondoa nyekundu pale, iweze kutumika kwa nchi ya katikati, alibadilishanisha rangi katika minyororo miwili, yaani mifululizo ya nchi zinazopakana zenye rangi mbili tu: nyekundu na njano kuanzia nchi moja, nyekundu na kijani kuanzia nyingine. Kila badiliko peke yake ni halali. Yakifanywa yote mawili, nchi ya njano na jirani yake ya kijani zinaweza kugeuka nyekundu kwa pamoja. Kempe hakusema popote kwamba badiliko la kwanza haliliharibu la pili. Wasomaji walijijazia wenyewe.

Mwanahisabati Georges Gonthier alipokamilisha uthibitisho wa rangi nne ndani ya Coq, programu ya kukagua uthibitisho, mwaka 2005, pengo la namna hiyo halikuwa na pa kujificha. Kila hatua hukaguliwa na kiini kidogo cha programu, ambacho wataalamu wanaweza kukisoma. Hatua ya Kempe ingekwama hapohapo, kwa sababu sharti lililokosekana lingedaiwa, na halithibitiki.

Kinachobaki kwa binadamu ni tamko lenyewe, yaani sentensi inayosema ni nini kimethibitishwa. Kiini hakijui ramani ni nini. Kinajua fasili iliyoandikwa tu. Fasili ya kupakana ikihesabu nchi zinazogusana kwenye nukta moja, vipande vitano vya duara vinavyokutana katikati vinadai rangi tano, na tamko si kweli tena. Fasili ya ramani ikibana hadi isiwepo ramani inayoitimiza, tamko linathibitika bila kusema lolote. Hapo ndipo usomaji anaoudai Tymoczko unapohitajika, na wa kusomwa ni fasili chache, si maelfu ya hatua.