Orodha ya Barua Pepe ya Asasi: Wingi wa Majina au Ridhaa?

Asasi nyingi za kiraia hukuza orodha zao za barua pepe kwa kutumia fomu za mahudhurio ya warsha. Mshiriki huandika jina, simu na anwani ili ahesabiwe na arudishiwe nauli. Baadaye hujikuta akipokea jarida ambalo hakuliomba.

Wanaoitetea desturi hii wana hoja. Mfadhili huuliza asasi inafikia watu wangapi, na asasi changa isiyo na fedha za matangazo haiwezi kungoja wafuasi waje mmoja mmoja. Tena mshiriki wa warsha si mgeni kabisa, kwa kuwa ameshaisikia kazi yenyewe.

Hata hivyo, hoja hiyo huhesabu majina tu, ilhali wanaofikisha barua hizo hupima jambo jingine. Tangu Februari 2024, Google huwataka wanaowaandikia watumiaji wa Gmail wahakikishe kuwa malalamiko ya barua taka hayafiki asilimia 0.3, yaani watu watatu katika kila elfu. Tuseme jarida limewafikia watu 4,000 wa Gmail: wakilalamika 12 tu, kikomo kimefikiwa. Na hao 12 si lazima wawe na chuki na asasi. Wengi hawakumbuki walijiunga lini, na kitufe cha kuripoti taka kiko karibu zaidi kuliko kiungo cha kujiondoa kilichowekwa chini kabisa kwa herufi ndogo. Madhara hayaishii kwao, kwa sababu barua zinazofuata huweza kuanza kuangukia kwenye folda ya taka hata kwa mchangiaji wa kila mwezi aliyejiandikisha kwa hiari yake, naye huenda akadhani asasi imemsahau. Kwa maneno mengine, jina lililoongezwa bila ridhaa humnyima nafasi yule aliyeridhia, na hasara hiyo haionekani kwenye hesabu ya majina.

Sheria za kulinda taarifa binafsi nazo zimeelekea huko: ile ya Kenya ya mwaka 2019, na ile ya Tanzania ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, zote zinataka taarifa za mtu zitumike kwa kusudi lililozifanya zikusanywe. Nauli ni kusudi moja, jarida ni jingine.

Kuomba ridhaa kuna gharama yake. Ukiweka kisanduku cha hiari kwenye fomu, kisha ukatuma barua ya uthibitisho, utawapoteza hata baadhi ya wanaokupenda, hasa wale ambao mawasiliano yao yote yako WhatsApp na ambao hufungua barua pepe kwa nadra. Hao watafutwe huko huko waliko. Kwa waliobaki, ripoti ya mfadhili ioneshe ni wangapi walijibu, walichangia au walihudhuria baada ya kuandikiwa, kwani hata wakiwa 600 tu, ndio anaoweza kuuliza habari zao na asasi ikawa na la kumjibu.