Vespa ya Shemeji na Maji ya Bamvua

Ukitaka kujua dakika moja ina urefu gani, usiwaulize watoto wa darasa la tatu. Mimi niliwauliza. Niliwaambia wafumbe macho, wasihesabu, na kila atakayeona dakika imetimia anyanyue mkono. Wa kwanza alinyanyua sekunde ya 9. Sekunde ya 20 darasa zima mikono juu, isipokuwa mtoto mmoja wa dawati la nyuma, ambaye hata dakika ya 3 alikuwa bado amefumba. Nikamsifu mbele ya wenzake kwa subira yake. Kumbe amelala.

Mimi mtu wa mjini, mzaliwa wa Ng'ambo, na wakati huo nilikuwa na miezi miwili tu katika skuli moja ya pwani ya mashariki ya Unguja. Nikaona somo la kukisia muda halisomeki ndani. Tutoke, tukapime kitu kinachokwenda. Na kule kitu kinachokwenda ni maji.

Ilikuwa siku ya bamvua, maji yanapojaa sana na kukauka sana, mwezi umeandama juzi. Siku kama hizo bahari hukauka mnamo saa 4 asubuhi, ikaenda mbali hata wanawake walioko kwenye mwani ukawaona kama sisimizi. Nilikwenda na Vespa ya shemeji yangu, aliyoniazima kwa masharti mengi kuliko aliyopewa yeye siku ya kumposa dada yangu. Nikaiteremsha mchangani mpaka juu ya fungu moja gumu la mchanga. Ilibeba vijiti na begi langu. Halafu, nisifiche, watoto walikuwa wakinitazama.

Nikachomeka kijiti kila baada ya hatua 10, kutoka ukingo wa maji hadi kwenye Vespa: hatua 80. Swali likawa, maji yatafika gurudumu la mbele baada ya muda gani? Kila mtu aandike kisio lake, na atakayekaribia zaidi nitampakia Vespa mpaka kwao. Walipiga kelele hadi ng'ombe waliokuwa wakisubiri mzigo wa mwani wakageuza shingo.

Makisio yenyewe sasa. "Muda wa kupika maharage." "Bibi kwenda kufunga mwani na kurudi, lakini si bibi wa kwetu, wa kwetu hukaa sana." Mtoto mmoja, mjukuu wa mvuvi, aliandika: adhana ya Adhuhuri. Nikamchorea mstari mwekundu: tumia saa na dakika.

Mimi nilitumia saa na dakika. Nusu saa ya kwanza maji yalikwenda hatua 7. Nikapiga hesabu mchangani mbele yao: hatua 80 zitataka kama saa 5 na dakika 40. Kwa hiyo Vespa haiguswi mpaka saa 9 u nusu imepita, na saa hizo niko mjini, Darajani, nakunywa juisi ya miwa.

"Maalim," akasema yule mjukuu, "maji mwanzo hutambaa. Baadaye hukimbia."

"Baba, tazama hesabu."

Akaitazama kwa adabu.

Nikaenda kukaa chini ya mvinje kusahihisha madaftari. Kusahihisha nako kuna muda wake, wala sijapata kuukisia vizuri. Nilishtuka shati linavutwa. Watoto wote walikwisha panda juu, viatu mkononi, wala hakuna aliyewaambia. Nikatazama pwani. Vijiti viwili tu vinaonekana, na maji yameingia kwa nyuma, kwenye mkondo, yamelizunguka fungu zima. Vespa imesimama kisiwani peke yake.

Nilikimbia. Kwenye mkondo maji ya magoti. Nafika, mchanga umelainika, stendi inazama, gurudumu linaosha uso. Nikapiga kiki. Ikakohoa mara mbili, ikanyamaza kama mdaiwa aliyebishiwa hodi. Nikasukuma, tukaenda hatua moja, labda moja na nusu.

Wanawake wa mwani walikuwa wanarudi. Mmoja, mtu mzima, maji kiunoni na gunia kichwani, akasimama.

"Mwanangu, chombo hicho kina nanga?"

Hapo ndipo adhana ya Adhuhuri iliposikika.

Tulitolewa kwa gari la ng'ombe. Mwenyewe, mzee mpole, alinifundisha njiani kile nilichokuja kuwafundisha wajukuu zake. Maji hujaa kwa muda wa saa 6 hivi, lakini hayapandi sawasawa. Ukigawa mafungu 12, saa ya kwanza hupanda fungu 1 tu, ya pili 2, ya tatu na ya nne 3 kila moja, kisha yanapungua tena, 2 na 1. Mimi nilipima saa ya kutambaa nikaifanya ndiyo siku nzima.

Shemeji akapiga simu. Unarudi saa ngapi? Nikamwambia sasa hivi. Ng'ombe naye akasimama kula majani.

Yule mjukuu wa mvuvi alikuwa akitufuata kwa miguu tangu ufukweni, kimya, daftari mkononi. Mwisho akauliza, "Maalim, mshindi si mimi?"

Sikuwa na la kumjibu. Tukampandisha juu ya gari, akakaa kwenye kiti cha Vespa, maji ya chumvi yakimchuruzikia miguuni, akashika usukani, na mpaka kwao alikuwa akipiga honi kwa mdomo.