Zamani Ningekuwa Mteja

Watu husema teknolojia imetuletea maendeleo. Sawa, sikatai. Lakini mimi imeninyang'anya visingizio vyangu vyote, na mwanamume wa Nairobi asiye na kisingizio ataishije na mshahara huu?

Chukua mambo ya matanga. Zamani mtu akifariki kule nyumbani, habari ilipitia kwenye matangazo ya vifo redioni, KBC. Kama betri zimeisha, basi, hukusikia. Mchango nao ulikuja kwa kadi ya harambee, karatasi halisi, ambayo mtu aliweza kuisahau ndani ya koti hadi marehemu azikwe na mahindi yavunwe. Ukikutana na mjomba baadaye Machakos Airport, kwenye basi za mashambani, unamwambia, "Nilikuwa safari ya kikazi, mjomba." Mjomba anajua unadanganya, nawe unajua kwamba anajua, lakini mnaulizana hali ya ng'ombe na kuachana kwa heshima.

Hata simu ya mkononi ilipokuja, bado palikuwa na pa kujificha. Unazima tu, na yule dada wa sauti nyororo anakutetea: "Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa." Dada yule aliniwekea akiba kuliko chama chochote nilichowahi kujiunga nacho.

Machi 2007 ikaja M-Pesa, na "sina mtu wa kumpa alete" ikafa. Mwaka wa 2019 ikaja Fuliza, ile ya M-Pesa kukukopesha salio likipungua, "sina kitu kwa simu" nayo ikafuata kaburini. Siku hizi unachanga hata pesa ambazo huna!

Lakini kilichonimaliza kabisa ni makundi ya wasapu. Huulizwi. Umebanwa dirishani ndani ya matatu, Githurai hiyo, makanga anadai nauli, simu inatetemeka: umeongezwa kwenye kamati ya mazishi. Mzee mwenyewe humkumbuki vizuri. Kundi linaweza kubeba watu 1,024, na ukoo wetu unaelekea huko. Mweka hazina anabandika orodha asubuhi, mchana na jioni kama dawa, jina na kiasi. Aliyetoa mia mbili akaomba aandikwe "Msamaria Mwema" anajulikana na kila mtu.

Nilizima tiki za bluu. Kumbe kwenye makundi hazizimiki, ukisoma, umeonekana. Nikaambiwa tangu 2022 mtu anaweza kutoka kimyakimya, wanaoarifiwa ni wasimamizi peke yao. Vizuri sana. Msimamizi wetu ni baba mkwe.

Kwa hiyo nikaamua kutofungua. Wacha ujumbe ujazane huko, bando ni langu. Jana usiku nimeketi sebuleni na mama watoto, kochi moja, kila mtu na simu yake, nikafungua kidogo tu kuona mazishi ni lini. Namkuta ameandika: "Sisi tunaahidi elfu tano." Watu wanamshangilia kwa vidole gumba.

"Mama Brayo," nikamwuliza, "hao sisi ni nani na nani?"

Hakuinua hata kichwa. "Soma juu."

Nikasoma juu. Kumbe hata basi la kusafirisha waombolezaji tumeshaahidi mafuta.