Mkwe wa Shilingi 22,000

Nianze kwa kukiri: ile brashi yangu ya upepo ya zamani, kile chombo cha kupulizia rangi ninachochorea samaki, nilikuwa naitukana kila Ijumaa. Niliinunua 3,500, kichupa cha rangi kinaning'inia chini kama kibuyu cha mgema, na kitufe chake kinajua jambo moja tu. Ukibonyeza, upepo na rangi vinatoka pamoja, utake usitake. Nozeli, yaani tundu la kutokea rangi, ni ya milimita 0.5, kwa hivyo nikitaka kumchorea changu kope napata ufagio. (Najua samaki hawana kope. Wangu wanazo.)

Lakini ile brashi ilikuwa punda. Niliilisha rangi yoyote, hata makombo ya dukani ninapouza misumari na kufuli hapo Langoni, mtaa wa Amu (Lamu). Nikaisahau juani siku mbili, nikaigonga ukutani ikiziba, na bado ikaamka ikafanya kazi. Amu yote inajengwa kwa migongo ya punda, mchanga na matofali, na hakuna anayemdharau. Mimi nikamdharau wangu.

Nikaanza kujibana. Miezi saba sikununua kahawa barazani kwa pesa yangu, mpaka wenzangu wakaniita mgeni rasmi, maana nafika, nakaa, nahudumiwa, naondoka. Pesa ikatimia, nikaagiza ya Kijapani. Ikaja Mombasa, ikapanda basi mpaka Mokowe, ikavuka na boti, na mimi nimesimama gatini tangu asubuhi kama nampokea hujaji. Kiboksi chenyewe kidogo kuliko cha halua.

"Nini hiyo?" mama watoto akauliza.

"Brashi."

"Kiasi gani?"

"Elfu mbili na mia mbili."

Bei halisi ilikuwa 22,000. Sifuri moja niliiacha Mokowe.

Sasa sikilizeni mateso. Hii mpya si punda, ni mkwe. Umewahi kukaa nyumba moja na mkwe? Huinui sauti, hukai ovyo, na chakula huandai mpaka umekichuja. Rangi yake lazima iwe nyepesi kama maziwa. Nikachukua chujio la chai la mama watoto, nikanunua lingine, nikachukua na hilo. Kwa joto letu, rangi ya akriliki inakauka kwenye ncha ya ile sindano iliyo ndani yake kabla hujamaliza bismillahi, kwa hivyo kila dakika chache unasimama kuipangusa pua kama mtoto mwenye mafua. Unataka kubadilisha kutoka buluu kwenda manjano? Osha. Umekwenda kuswali Alasiri? Osha kwanza, la sivyo ukirudi utakuta imegandana. Mimi mwenyewe sijaoshwa hivyo tangu nizaliwe.

Na kitufe! Huyu ana mambo mawili: kubonyeza chini ni upepo, kuvuta nyuma ni rangi, na kadiri unavyovuta ndivyo inavyotoka. Wenyewe wanasema ndiyo raha yake, unaweza kutoka unywele mpaka wingu kwa kidole kimoja. Kidole chenyewe ni changu, kina miaka 46 ya kubonyeza tu. Nikaipeleka darini kuijaribu. Kusi linavuma, na nyumba ya pili ami yangu kaanika kanzu ya Ijumaa. Nikabonyeza, nikavuta. Nikavuta mno.

Ami alikuja mwenyewe, kaishika kanzu kwa vidole viwili. "Mwanangu, mato yangu ndiyo mabovu, au kanzu hii ina buluu?"

Nikamwambia huenda ni kivuli cha bahari. Ami amevua papa miaka thelathini. Bahari anaijua.

Barazani nako habari zimefika. Mmoja ananiuliza kama ninapuliza dawa ya mbu, kama ndiyo basi nipite na kwake. Mwingine, ambaye hajashika hata kalamu tangu madrasa, ananishauri niongeze presha. Kumbe presha ndiyo ugonjwa wenyewe. Kompresa yangu ya zamani, ile mashine inayoipa brashi upepo, haikuwa na tangi, kwa hivyo upepo ulikuja kwa kikohozi, na mistari ya mkwe ikatoka na kwikwi. Yeye anataka upepo ulionyooka, psi 20 hivi (ndicho kipimo cha presha), usipande usishuke. Kwa hivyo kompresa mpya, ya tangi. 14,000. Hapo sikusema bei yoyote. Nilisema nimeazimwa.

Ilipanda punda kutoka gatini. Pale Usita wa Mui, njia kuu ya mji, tukakutana na punda mwingine wa mawe ya matumbawe, na usita wenyewe mnaujua, watu wawili wenye mabega lazima mmoja ageuke ubavu. Punda wangu akagoma. Wenye maduka wakatoka kutoa ushauri, watalii wakatoa simu. Nikasimama robo saa nimeikumbatia kompresa kama bibi harusi, nikijua kila anayepita atafika kwangu kabla yangu.

Nikadhani yamekwisha. Siku ya tatu niko kwenye jicho la samaki tewa, kazi safi, ya kwanza kuipenda tangu nianze. Brashi ikatema tone la maji. Katikati ya jicho. Hewa yetu, jamani, imejaa unyevu hata chumvi haimiminiki. Kompresa inaivuta, inaibana, hewa inapata moto, ikifika kwenye mpira wa kupitisha upepo inapoa na maji yanajitenga. Dawa yake ni kichujio cha kunasa maji. Kinauzwa peke yake, naam.

Nimesoma kuhusu Abner Peeler wa Iowa, Marekani, mmoja wa waliobuni vyombo hivi miaka ya 1870. Alikuwa fundi wa kujaribujaribu, wanasema chake alikiunga kwa vipande vya huku na huku. Laiti angekuja Amu tukae naye. Angemwona huyu kijukuu chake anayedai kitambaa laini angelia.

Mwezi wa pili sindano ikaniponyoka ikaanguka kwa ncha. Kuiangalia huoni kitu. Ipitishe ukuchani, inakwaruza, kuna kindoano kidogo kuliko unywele. Kindoano hicho kinatosha: rangi inakwenda upande, inarusha vidoto, changu wote wanapata tetekuwanga. Punda wa hapa akiumia ana hospitali yake ukingoni mwa bahari, anatibiwa bure na daktari. Mkwe wangu nimpeleke wapi? Sindano mpya 1,800, na kuingoja wiki mbili.

Hizo wiki mbili ndizo zilizoniponza. Mama watoto anapika keki za harusi. Akaona kompresa imekaa tu, akauliza maswali matatu, mawili nikajibu. Akajiagizia brashi yake. Yangu hakuitaka, alisema chombo kilichowahi kulishwa rangi za mbao hakiingii kwenye keki ya watu, na hapo ana haki. Akanunua ile ile ya 3,500. Kichupa chini, jambo moja, bonyeza tu. Rangi ya chakula ni nyepesi kama maji, haizibi. Keki ya kwanza aliipuliza zambarau inayofifia kuelekea juu mpaka nyeupe, na upande wa bibi harusi wakapiga vigelegele kabla haijakatwa. 6,000. Mimi tangu nianze nimeuza changu mmoja, kwa 800, na aliyenunua ni shemeji.

Sindano ikafika. Nikaivisha, nikachuja rangi, nikanawa hata mikono. Kwenda kuchukua kompresa, nikakuta imehamia jikoni, imefunikwa leso. Mama watoto ameketi karibu yake, na mkononi ana kikaratasi nakijua. Kilikuwa chini ya sponji ya kile kiboksi.

"Baba watoto," akasema, pole kabisa. "Hii sifuri ya mwisho imevuka lini?"

Sikuwa na la kusema. Nilisema kahawa imepoa.

Akanihesabia kwa keki. Harusi zimejaa mpaka Ramadhani iandame, na kompresa ni yake mpaka sifuri irudi ilikotoka. Mkwe amelala ndani ya kiboksi chake, kachongoka, safi, hana pumzi. Leo asubuhi nimemwona ami anaanika kanzu darini bila wasiwasi wowote.