Mshororo haukatwi kwa kipimo cha mkono

Mdogo wangu aliingia sebuleni akiwa amezungushiwa plastiki laini kwenye kifundo cha mkono. Akaketi karibu na mama, akaibandua taratibu, kisha akamnyooshea mkono, kiganja kikiwa juu. Ngozi ilikuwa bado imevimba na wekundu kando ya herufi. Tatuu ya wino mweusi, mwandiko mzuri wa kulala: Sitorejea nyumbani. Na mwishoni, nukta.

Mama akachukua miwani. Akasoma. Akaugeuza mkono kutazama upande wa pili, hapakuwa na kitu, akaurudisha. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Ndugu yuko wapi, mwanangu?"

Tangu siku ile nimekuwa na neno kifuani, na leo nalitoa.

Maneno hayo ni ya mama mkubwa, Mungu amrehemu. Yeye na mama walifiwa na wazazi wakiwa wadogo, wakagawiwa kwa jamaa, huyu huku na yule kule. Siku moja ikaja karatasi iliyochanwa kwenye daftari, ina beti saba, mama mkubwa kazitunga mwenyewe akiwa hata shule hajamaliza. Karatasi hiyo ipo hadi leo, imekunjwa mara nne na mikunjo yake imetoboka. Sisi watoto tuliyajua mashairi hayo kabla hatujajua kusoma, kwa sababu mama alikuwa akiyaimba wakati wa kutulaza. Ubeti wa pili ni huu:

Walitugawa njiani, kila mmoja na fungu,
Hunitoki mawazoni, u mbali na jicho langu,
Nimekuweka moyoni, hayapungui machungu,
Sitorejea nyumbani, ila nawe ndugu yangu.

Sasa usome tena ule mkono. Sitorejea nyumbani, nukta. Aliyeapa kwamba hatakanyaga kwao bila kumshika ndugu yake, amegeuzwa kuwa mtu aliyeikataa nyumba. Na huyo ndugu wa kwenye utao, ile nusu ya pili ya mshororo, ni mama yangu. Ndiye aliyeachwa nje, na akaachwa nje na mwanawe wa kumzaa, aliyedhani anamletea heshima.

Mdogo wangu simlaumu sana. Shairi lote analijua, akaenda na mshororo mzima kwenye kipande cha karatasi. Aliyemchora akautazama, akapima kifundo, akasema hautoshi. Kisha akasema maneno yaliyoniudhi kuliko yote: "Tuishie kwenye koma, maana inabaki ileile."

Haibaki ileile! Ningependa kila mtu anayetaka kuvaa shairi mwilini mwake alisikie hili kabla hajakaa kwenye kile kiti. Kwenye ushairi wetu ukwapi, yaani nusu ya kwanza ya mshororo, na utao si chumba na ua, kwamba ukiuza ua chumba unabaki nacho. Ukwapi huuliza, utao hujibu. Ukwapi hutishia, utao hutuliza. Mtunzi stadi hukuachia mizani minane ya kwanza, yaani silabi nane, uiamini, kisha kwenye minane ya pili anakupindua. Mama mkubwa alijua alichokifanya. Alitaka ndugu yake asome "sitorejea nyumbani", moyo umshtuke, aone kwamba ameachwa, halafu jicho lihamie upande wa pili na kulikuta jina lake. Ule mshtuko ndio upendo wenyewe. Ukiukata pale katikati, umemwachia msomaji mshtuko ukamnyima pumzi.

Wala si mashairi ya vina peke yake. Chukua riwaya uipendayo kuliko zote, tafuta sentensi uliyoipigia mstari kwa penseli. Mara nyingi iko kwenye mdomo wa mhusika, na pengine mhusika huyo anasema uongo, au anasema jambo atakalolijutia kurasa kumi mbele. Ndani ya kitabu unalijua hilo, kurasa zote zimelizunguka. Mkononi hakuna kurasa, kuna ngozi na mtu aliyekaa mkabala nawe kwenye basi, anayesoma kile tu kilichopo. Kwa hiyo kabla ya kuchagua sentensi, rudi kasome ukurasa uliotangulia na unaofuata. Mimi nina vitabu viwili ambavyo ningekuwa nimevichora nikiwa na miaka kumi na tisa, na vyote viwili, nilipovirudia, niligundua sentensi niliyoipenda ilikuwa ya mtu ambaye mwandishi hamwamini hata kidogo.

Kuna jambo moja nakiri, japo shingo upande. Yule mchoraji alikuwa na haki kuhusu nafasi. Wino wa tatuu haukai juu ya ngozi. Sindano huupeleka kwenye tabaka la pili, chini ya lile linalojivua na kujijenga upya kila baada ya wiki chache, na huko chini miaka ikipita mistari hunenepa. Herufi ndogo mno zinaanza kuungana. Zinazoumia kwanza ni zile zenye tundu, a na e, matundu yake huziba yakawa madoa, na Kiswahili hakina neno lisilo na irabu. Andika "sitorejea" uone kuna matundu mangapi ya kuziba. Mshororo wa mizani kumi na sita, ukiubana kwenye upana wa kifundo cha mkono, baada ya miaka kadhaa hutakuwa na mshororo, utakuwa na kivuli. Hilo alilijua, na alifanya vyema kulisema.

Lakini dawa ya nafasi ndogo ni kutafuta nafasi kubwa. Mwili una mgongo. Una paja, una ubavu, una mkono mzima kutoka kifundo hadi kiwiko, mahali ambapo mshororo unaweza kulala kwa urefu wake bila kubanwa na mtu. Ukisema lazima iwe kifundoni, basi tafuta shairi la kifundoni, neno moja lililokaa peke yake tangu alipolitunga mtunzi. Mahali panabadilika. Maneno ya mtu hayabadiliki, hasa ya mtu aliyekwisha kufa, ambaye hawezi kusimama mlangoni akasema hapana, sikusema hivyo.

Hili kuna aliyelifikiria kwa makini kuliko wengi. Mwaka 2003 mwandishi wa Marekani, Shelley Jackson, alitangaza hadithi aliyoiita "Skin", yenye maneno 2,095, ambayo haichapwi kwenye karatasi: kila aliyejitolea alichorwa neno moja la hadithi hiyo mwilini mwake. Masharti yake ndiyo ninayoyapenda. Neno hulichagui, unapewa, na unalipokea kama lilivyo. Kama lina koma, unachorwa na koma yake. Mahali pa kuchorwa ndipo unapochagua mwenyewe. Neno ni la mwandishi, ngozi ni yako, na kila mmoja anakaa kwenye haki yake. Natamani kila chumba cha kuchorea tatuu kingekuwa na sharti hilo ukutani.

Kuna na koma. Nitaonekana nashikilia vitu vidogo, lakini ile nukta ya mdogo wangu iliniuma hata kuliko maneno yaliyokosekana. Mama mkubwa aliweka koma pale. Koma ni mkono ulionyooshwa, inasema subiri, bado nasema nawe. Mtu asiyemjua, asiyejua walivyogawanywa wale wasichana wawili, akachukua sindano akaifunga sentensi yao kwa nukta ya duara, ndogo kama kichwa cha pini.

Wapo watakaosema tatuu ni mambo ya vijana wa siku hizi. Mtu wa barafuni aliyepatikana mwaka 1991 kwenye milima ya Alps, aliyekufa miaka zaidi ya 5,000 iliyopita, alikutwa na alama 61 za tatuu mwilini. Anayekataa tatuu kwa imani yake simbishii, huyo ana sababu iliyotimia. Na yule anayechora picha ya kitabu badala ya maneno yake, meli, ndege, ufunguo, naye namwacha salama, kwa kuwa picha haina koma ya kukatwa.

Mstari ulioukuta kwenye picha mtandaoni na jina la mwandishi maarufu chini yake, usiupeleke kokote kabla hujauona ndani ya kitabu kwa macho yako mwenyewe. Maneno mengi yamebandikwa kwa watu ambao hawakuyasema kamwe. Kama ni lugha usiyoisoma, mtafute anayeisoma, na umwonyeshe ile nakala itakayobandikwa kwenye ngozi kabla sindano haijawashwa, maana nakala hiyo hufutika na kubandikwa upya mara nyingi utakavyo. Nimeona aya ya Kiarabu kwenye bega la mtu, kila herufi imesimama peke yake na zote zimepangwa kuanzia kushoto, kwa sababu kompyuta iliyoiandika haikujua kuunganisha. Mwenye bega alikuwa ameibeba miaka minne akiwa na furaha. Sikuwa na moyo wa kumwambia, na mpaka leo sijui kama nilifanya vyema.

Kwa nini basi nisiseme watu waache tu, washike mashairi kichwani? Kwa sababu napenda tatuu za maneno. Nazipenda kwa dhati. Na nimejifunza jambo kuhusu namna wino unavyokaa ambalo limenifanya nizipende zaidi. Kumbe wino ule hautulii kama rangi kwenye kitambaa. Seli za kinga za mwili huumeza, zikakaa nao. Mwaka 2018 watafiti wa Ufaransa walionyesha, kwa kuchunguza panya, kwamba seli iliyoshika wino ikifa huuachilia, na seli nyingine iliyo jirani huumeza, ikashika zamu. Wino ni uleule, walioubeba wamepokezana.

Nilipoisoma habari hiyo niliiweka chini nikamfikiria Muyaka, yule mshairi wa Mombasa. Alifariki mwaka 1840, na mengi ya mashairi yake yakaendelea kuishi vifuani mwa watu kwa miongo kadhaa kabla hayajakusanywa na kuandikwa. Aliyeyajua alikufa, lakini kabla hajafa alikuwa amekwisha kumkaririsha mwingine. Mwili wa binadamu unaushika mshororo kwenye ngozi kwa njia ileile ambayo jamaa waliushika kifuani, kwa kupokezana. Wale waliokariri walijua kwamba ukimpa mwenzako nusu, basi atakayefuata atapata nusu, na baada yake nusu itakuwa ndiyo shairi zima. Fikiria mtoto wa mdogo wangu, atakayejifunzia kusoma kwenye mkono wa baba yake. Angejua nini kuhusu bibi zake wawili?

Hilo ndilo nililomwambia mdogo wangu usiku ule, tukiwa nje, baada ya mama kwenda kulala mapema. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Dada, mimi nikiusoma nausikia wote." Nikaamini. Aliyeusikia wote alikuwa yeye na mimi na mama, watu watatu. Ila ngozi husomwa na macho ya kila mtu, na hata mama, aliyeusikia wote, alichokiona ni mahali alipopaswa kuwapo.

Alisubiri mpaka kidonda kipone na ngozi iache kubanduka, ikapita miezi miwili. Akatafuta mchoraji mwingine. Safari hii nilikwenda naye, nikiwa nimebeba ile karatasi ya mama mkubwa ndani ya bahasha, maana mama mwenyewe ndiye aliyenipa. Mchoraji, mwanamama mtaratibu, aliomba aisome. Akasoma beti zote saba kwa sauti, mstari kwa mstari, kabla hajagusa mkono wa mtu. Kisha akauliza, "Koma yake iko wapi?"

Akaianza kazi kwenye ile nukta. Aliivuta mkia, mfupi, ukielekea kushoto chini, akaufuta wino uliochuruzika, akatuonyesha. Nukta ilikuwa imekuwa koma. Halafu akashuka chini yake kidogo, upande wa kiwiko ambako mkono ni mpana, akabandika nakala ya utao, akaibandua kwa sababu ilikwenda upande, akaibandika tena.

Rangi hazilingani. Ukwapi umeshatulia, umeingia kijivu kidogo, na utao bado ni mweusi tii. Tuliporudi mama alikuwa anasubiri na miwani yake tayari. Akaushika mkono, akaweka kidole kwenye neno la kwanza, akasoma polepole mpaka kwenye ile koma, kidole kikasimama juu ya mkia wake, kisha kikashuka mstari wa chini.