Kisamaki cha Plastiki, Dola 25

Jamani, kuna kisamaki cha plastiki kirefu kuliko kidole changu cha kati kwa pingili chache tu. Hakina nyama, hakina mifupa, hakina hata utumbo, na kinauzwa dola 25 za Australia. Kwa pesa ya kwetu Tanzania hiyo ni zaidi ya shilingi 40,000. Na ukikipeleka kaunta, muuzaji anakuuliza: "Kimoja tu?"

Hapa Darwin, kaskazini mwa Australia, duka la vifaa vya uvuvi lina ukuta mzima wa chambo bandia, kutoka sakafuni hadi darini, vyote vya kumdanganya samaki mmoja anayeitwa barramundi. Wenyeji humwita barra, kwa mahaba, utafikiri mjukuu. Vipo vya kijani, vya waridi, vyenye madoa, vyenye mistari ya chui, na rangi moja imepewa jina la bendi ya roki ya Marekani. Nikamuuliza muuzaji nichukue kipi. Akashusha pumzi kama daktari mwenye majibu mabaya. "Inategemea na maji." Maji yakiwa maangavu, chukua rangi ya fedha. Yakiwa na tope, chukua dhahabu yenye tumbo la chungwa. Usiku, cheusi. Mawingu yakitanda mchana, cheusi tena. Na hiki cheupe? "Hicho ni cha siku wanapokataa cheusi."

Hakuna aliyeniambia kwamba ndani ya maji rangi nyekundu ndiyo hufifia ya kwanza. Kinashuka kidogo tu, na ule wekundu nilioulipia umeshaniaga.

Nimekaa na wazee wa huku nikagundua kuwa rangi ni porojo ya dukani. Jambo lenyewe ni kina. Kile kiulimi cha plastiki kinachochomoza mdomoni mwa chambo ndicho kinachokizamisha ukivuta uzi. Ulimi mfupi uliosimama, kinaogelea juu juu. Ulimi mrefu uliolala, kinazama mita kadhaa. Sasa barra anakaa kivulini, chini ya gogo lililoanguka, au kwenye mizizi ya mikadi, na hapendi kutoka nje ya geti lake. Ukipitisha chambo juu sana, anakitazama tu. Ukikishusha hadi alipo, kinanasa kwenye gogo. Yaani mahali pekee pa kumpata samaki ndipo mahali pekee pa kupoteza dola 25.

Kikinasa, usiniambie habari za kuvua viatu na kuingia majini. Haya ni maji baridi, ndiyo, lakini mamba wa maji chumvi hawajasoma jina lao. Wamejaa tele Mto Mary na kwenye bwawa la Corroboree, na wengine wanakuzidi urefu mara mbili au zaidi. Kwa hiyo unasimama kwenye boti, unatikisa fimbo, unaukata uzi, unatoa pole. Halafu unaambiwa kuna ufito maalumu wa kunasulia chambo, nao unauzwa. Wapi? Dukani kwa yule yule bwana.

Na ndoano! Chambo kinakuja na ndoano zake za meno matatu matatu, zinang'aa vizuri kabisa. Unafika nyumbani, jirani anazitazama, anacheka, anasema barra atazinyoosha, nunua nyingine ngumu, na vipete vyake pia. Ni sawa na kununua pikipiki mpya kisha unaambiwa matairi yake ni ya maonyesho. Ukifunga ndoano nene mno, chambo kinakuwa kizito, kinazama mkia kwanza, hakiyumbi tena. Na kuyumba ndiyo kazi yake! Yule mvuvi wa Finland, Lauri Rapala, alipochonga chambo chake cha kwanza cha gome mwaka 1936, alikuwa ameona kwamba samaki mkubwa humkimbilia yule mdogo anayeogelea kilema. Alikivika karatasi inayong'aa ya chokoleti. Chokoleti aliila kwanza, nadhani, kwa hiyo angalau yeye alishiba.

Halafu zingatia unayemdanganya ni nani. Barra huanza maisha akiwa dume, na akijaaliwa umri na urefu hugeuka jike. Ukimkuta wa mita moja, huyo ni mama mtu mzima ambaye amewahi kuwa mwanamume. Amekula samaki, kamba na vyura pande zote mbili za maisha. Amekwepa mamba. Utamwambia nini na plastiki yako ya waridi?

Kiangazi kikikolea ndiyo dharau inazidi. Mito inakatika, maji yanabaki kwenye mabwawa yaliyojitenga, bilabongi, na barra aliyekwama humo hawezi kurudi baharini kuzaa mpaka mafuriko yaje. Hana pa kwenda. Hana miadi. Amekaa tu, na bado kwangu hana nafasi.

Kazini wakisikia natoka Mwanza wananiambia, "Basi wewe fundi, kwenu si kuna sangara?" Kweli, sangara na barra ni ukoo mmoja, hata wanasayansi wamewapa jina moja la mwanzo, Lates. Na sangara mwenyewe ni mgeni kule Ziwa Victoria, aliingizwa miaka ya 1950. Lakini mjomba wangu kule Igombe, Mwanza, hakuwahi kuniuliza rangi. Ndoano, furu mzima au kambale mdogo, tupa, nenda kanywe chai. Huku wanataka utupe, uvute mara mbili, kisha utulie. Usifanye kitu. Chambo kielee pale pale bila kwenda juu wala chini, sekunde tano, sekunde kumi, kwani barra hupenda kupiga kikiwa kimesimama. Jamani, nimelipa dola 25, nimeamka saa tisa usiku, mbu wamenimaliza, jasho linanitiririka, halafu nisifanye kitu! Mkono unanyanyuka wenyewe. Jirani ananong'ona, "Tulia." Natulia. "Tulia zaidi."

Kinachowatia watu wazimu ni yale mashindano ya samaki wenye alama. Tangu 2015 wanaachia barra waliofungwa vibandiko kwenye mito ya huku, na wachache wana thamani ya dola milioni moja. Oktoba 2024 kijana mmoja wa mji wa Katherine akampata wa milioni. Jirani yangu alipoisikia hiyo habari hakuuliza kijana atafanyia nini hela. "Alitumia chambo gani?" Jioni hiyo hiyo akaenda tena dukani.

Jumamosi iliyopita nimerudi na boksi la chambo, bila samaki. Mama Neema hakusema neno. Akafungua friji, akatoa minofu aliyoinunua, akaiweka kikaangoni na kitunguu na ndimu. Nikasoma pakiti: sangara, kutoka Tanzania.

"Baba Neema," akaniuliza, "hebu nielimishe. Huyu naye alikubali rangi gani?"